Usimnyime Mwenzako Salamu kwa Ajili ya Kura

Swali hili huulizwa na watu wetu walioko ughaibuni, wale ambao tayari wana haki ya kupiga kura huko waliko. Chama nilichokipigia kura miaka yote sasa kinapeleka silaha kwenye vita vinavyoua watu ninaowahesabu kuwa wangu. Nikikinyima kura, atapita mpinzani wake, ambaye naona ni mbaya zaidi. Nikikipa, nitawatazamaje watoto wangu usoni? Na juu ya hayo, rafiki yangu wa siku nyingi ameamua kinyume changu, na sasa hatusemezani.

Nitalijibu kwa mfano wa vita vya Gaza na uchaguzi wa Marekani wa 2024, kwa sababu tunaweza kuutazama mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu hasira zake bado ziko mezani.

Jimbo la Michigan lilipiga kura za mchujo tarehe 27 Februari 2024. Kwenye karatasi ya chama cha Democratic, pamoja na jina la Joe Biden, kulikuwa na kiduara chenye neno "Uncommitted", cha mpiga kura asiyetaka kujifunga kwa mgombea yeyote. Katika mchujo wa kawaida watu wengi hukipita bila kukitazama. Mwaka ule kampeni iliyojiita Listen to Michigan iliwaomba wapiga kura wakijaze, kumwambia Biden kwamba wanataka vita visimame na silaha zizuiwe. Lengo walilolitangaza lilikuwa kura 10,000, na hawakuliokota njiani: mwaka 2016 Donald Trump alilichukua jimbo hilo kwa tofauti ya kura 10,704. Hesabu ilipotoka, kura hizo zilizidi 100,000, zaidi ya asilimia 13. Wiki moja baadaye huko Minnesota, jimbo lenye Wasomali wengi, zilikaribia asilimia 19.

Hapo pana somo la kwanza, na ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Kura ile ilikuwa na mtu wa kuipokea, yaani rais aliyeihitaji Michigan. Ilikuwa na dai linaloeleweka. Na ilikuwa na muda: miezi minane kabla ya Novemba, ambamo mpokeaji angeweza kubadilika na mpiga kura akaweza kurudi. Kura ya hasira isiyo na mambo hayo hubaki kuwa hasira tu, na wanasiasa husoma ndani yake lile walilotaka kulisoma.

Je, walifanikiwa? Si kwa kiwango walichokitaka. Biden alijitoa tarehe 21 Julai, na kilichomwondoa zaidi ni mdahalo mbaya wa Juni kuliko Gaza. Makamu wake, Kamala Harris, akachukua nafasi yake. Kwenye mkutano mkuu wa chama Chicago, mwezi Agosti, wajumbe wa kura zile waliomba Mmarekani mwenye asili ya Palestina apewe dakika chache jukwaani. Wazazi wa mateka mmoja wa Kimarekani aliyekuwa mikononi mwa Hamas walipewa jukwaa, na ilikuwa haki yao kusikilizwa. Mpalestina hakupewa. Wajumbe wakaketi nje ya ukumbi wa United Center usiku kucha. Naliona kosa lile kuwa kubwa, la kisiasa na la kiutu pia: chama kiliombwa kitu kidogo kabisa na watu waliokuwa bado wanatafuta sababu ya kurudi.

Septemba viongozi wa kampeni ile walitoa tamko lao. Hawamuungi mkono Harris, wanampinga Trump, na hawawashauri watu kukimbilia vyama vidogo kwa sababu katika majimbo yenye ushindani mkali hilo lingeweza kumsaidia Trump. Wapo waliosema huko ni kuyumba. Mimi niliyaona ni maneno ya watu wazima waliobanwa kotekote na wakakataa kudanganya.

Sasa njoo kwenye Novemba, maana hapo ndipo marafiki waligombana. Katika mji wa Dearborn huko Michigan, ambako zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini, Biden mwaka 2020 alipata karibu kura saba katika kila kumi. Harris alipata takriban asilimia 36. Trump akapata kama 42, na Jill Stein wa chama cha Green kama 18. Trump akalitwaa jimbo zima kwa tofauti ya kura zipatazo 80,000.

Anayekwambia kwamba Waarabu na Waislamu wa Michigan ndio waliompa Trump urais, mwonyeshe hesabu hii kwa upole. Kura zote za Stein katika jimbo zima hazikufika 45,000. Hata zote zingehamia kwa Harris, pengo lisingezibika. Na hata Michigan ingekwenda kwake, bado alishindwa katika majimbo mengine yote sita yaliyokuwa yakigombewa. Kuwabebesha watu waliokuwa wakizika ndugu zao mzigo wa uchaguzi mzima ni dhuluma juu ya msiba.

Lakini upande wa pili nao una hesabu yake ya kuikubali. Anayesema "tuliwaadhibu" aseme pia adhabu ilimwangukia nani. Ni kweli vita vilisimama Januari 2025. Tarehe 4 Februari, Trump akiwa na Benjamin Netanyahu, alitangaza kwamba Marekani itaichukua Gaza na watu wake wahamishiwe kwingine. Machi mabomu yakaanza tena, na usitishaji mwingine haukuja hadi Oktoba. Na zipo chaguzi ambapo kura za pembeni zilitosha kabisa kuamua mshindi: Florida mwaka 2000, George W. Bush alishinda kwa kura 537, wakati Ralph Nader alikuwa na zaidi ya 97,000. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba kura ya malalamiko kamwe haiathiri matokeo, wala kwamba daima huyaharibu. Inategemea pengo, na pengo hulijui mpaka kura zihesabiwe.

Mwaka 1968 unatufundisha jambo lilelile kwa uwazi zaidi. Vita vilikuwa vya Vietnam. Seneta Eugene McCarthy alimpinga Rais Lyndon Johnson, wa chama chake mwenyewe, katika mchujo wa New Hampshire tarehe 12 Machi. Hakushinda. Alipata kiasi cha asilimia 42, na zilitosha kumtia hofu rais aliyekuwa madarakani. Tarehe 31 Machi Johnson alitangaza kwamba hagombei tena. Huo ndio mchujo ulipofanya kazi yake. Kisha ikaja Novemba. Hubert Humphrey, makamu wa Johnson, alikuwa ameanza kujitenga na mabomu tangu mwisho wa Septemba, lakini wapinga vita wengi walikuwa wamemchoka na hawakumsamehe upesi. Richard Nixon alishinda kwa chini ya asilimia moja ya kura za taifa, na mkataba wa Paris haukusainiwa hadi Januari 1973. Siwezi kuapa kwamba Humphrey angevimaliza vita mapema. Ninachosema ni kwamba mwezi Machi mpiga kura aliyekasirika alikuwa na mkono mrefu, na Novemba mkono huo ulikuwa umekatwa nusu.

Ushauri wangu basi ni huu. Malalamiko yapeleke kwenye mchujo, uyapeleke kwa nguvu zako zote, na uwachukue majirani. Uchaguzi mkuu ukifika, kama uko katika jimbo ambalo matokeo yanajulikana mapema, kwa mfano California, dhamiri yako ina nafasi pana: mshindi huchukua kura zote za wajumbe wa jimbo, na kura yako ya pembeni haitampandisha mtu. Ukiwa Michigan, Pennsylvania au Georgia, jiulize bila kujificha: kati ya hawa wawili wanaoweza kushinda, ni yupi ambaye kesho yake nitaweza kumshinikiza? Hilo si swali la nani ni mwema. Ukishapata jibu na bado moyo ukakataa, usiikimbie karatasi yote. Uache mstari wa urais wazi, jaza iliyobaki. Seneta, mbunge, jaji, bodi ya shule, vyote viko kwenye karatasi hiyohiyo, na kuacha mstari mmoja hakuharibu mingine. Mwaka 2024 Michigan hiyohiyo iliyomkataa Harris ilimpeleka Elissa Slotkin wa chama chake kwenye Seneti kwa tofauti ya kura kama 19,000. Rashida Tlaib, Mpalestina pekee bungeni, alirudi kwenye kiti chake, na Dearborn ilimpa kura nyingi kuliko ilizompa Harris. Watu walichambua mstari kwa mstari. Nawapongeza.

Kuandika jina la mtu usiyemkuta kwenye karatasi ni suala jingine. Michigan huhesabu tu majina ya walioandikisha nia yao kabla. Ukiandika "Gaza", hakuna atakayelitangaza. Na kwa aliye na ukaazi wa kudumu lakini hajapata uraia: usiguse karatasi ya kura ya Marekani hata kama karani amekuandikisha kwa makosa. Ni kosa la jinai, na linaweza kukurudisha ulikotoka.

Uingereza mambo ni tofauti, na wengi wetu hawajui haki yao huko. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kumchagua mbunge bila kuwa raia wa Uingereza, kwa sababu nchi yake ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Pasipoti ya nyumbani inatosha kuwa kitambulisho kituoni. Mkongo na Mrundi hawana haki hiyo mpaka wapate uraia. Na kwa kuwa kila jimbo lina mbunge wake mmoja, malalamiko huko yana anwani ya karibu. Tarehe 4 Julai 2024 huko Leicester Kusini, katika mji uliowapokea Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, mgombea huru Shockat Adam alimwangusha Jonathan Ashworth, mmoja wa wakubwa wa chama cha Labour, kwa kura 979. Blackburn ilikwenda kwa mgombea huru mwingine, Adnan Hussain, kwa kura 132. Ilford Kaskazini, Wes Streeting aliponea kwa 528 mbele ya Leanne Mohamad, na siku iliyofuata akawa waziri wa afya. Labour ilipata serikali kwa wingi mkubwa, kwa hiyo adhabu ile haikumleta adui madarakani. Septemba serikali hiyo ilisimamisha kama leseni 30 kati ya 350 za kuuza silaha Israel. Sisemi ni kura zile peke yake zilizofanya hivyo, lakini mbunge aliyeponea kwa kura 528 husikiliza kwa masikio mengine.

Hata karatasi iliyoharibiwa makusudi huko huonwa na mtu. Kura zenye shaka hupelekwa mezani, msimamizi akaziamua moja moja mbele ya mawakala wa wagombea, nao huinama kuisoma ile iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi kuanzia juu hadi chini. Kisha idadi yake hutangazwa. Ni sauti ndogo. Kuliko kubaki kitandani, ni sauti.

Sasa tuje kwa marafiki, maana kura hupigwa siku moja, na watu huishi pamoja mwaka mzima.

Nawafahamu wanawake wawili walioko Michigan. Mmoja ni wa Mombasa, ameolewa Dearborn katika ukoo wa Kilebanoni kutoka kusini mwa nchi ile. Wa pili ni Mkongo wa Fizi, sasa raia wa Marekani, anaishi Grand Rapids. Walikutana wakisomea uuguzi, na Kiswahili kikawaunganisha. Oktoba 2024 wakwe wa yule wa Mombasa walikuwa wameacha nyumba zao kusini mwa Lebanoni chini ya mabomu. Mama wa yule Mkongo alikuwa kambini Nyarugusu, Kigoma, ameshamaliza mahojiano yote, anangoja ndege.

"Dadangu," wa Mombasa alisema kwenye simu, "wampa kura mwanamke ambaye serikali yake ndiyo yatuma mabomu yanayowaangukia wakwe zangu?"

"Na wewe dada," mwenzake akajibu, "ukibaki nyumbani unamfungulia mlango ule mwanaume aliyesema wakimbizi wasiingie. Mama yangu iko Nyarugusu. Nitamwambia nini?"

Wakakata simu, na wiki nyingi zikapita kimya. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwake, Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, mpango ambao Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi yake makubwa. Safari ya mama ikafutwa. Wa Mombasa alipopata habari alipiga simu, na neno lake la kwanza lilikuwa pole. Hakujieleza, wala mwenzake hakumuuliza kura yake ilikwenda wapi.

Watazame vizuri hao wawili. Kila mmoja alipiga kura kwa ajili ya watu wake, na hakuna aliyekosa huruma. Ugomvi wa namna hii hutokea pale kila mtu anapodhani mwenzake hana anayemlilia. Kwa hiyo kabla hujaingia kwenye hoja, uliza: wewe unamhofia nani? Ukishajua jina la mtu huyo, iwe mama, mkwe au shemeji, maneno yako yenyewe yatapungua ukali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwenye matanga hakuna anayemkalisha mfiwa chini kumhoji kwa nini alimpeleka mgonjwa hospitali hii na si ile. Kama rafiki yako amefiwa Gaza, Beirut au kwenye vijiji vya Israel vilivyovamiwa tarehe 7 Oktoba 2023, hesabu za majimbo zitasubiri. Mwache alie. Ukitaka kumshawishi, mshawishi baada ya miezi, na kwa ruhusa yake.

Nasema na vijiji vya Israel kwa sababu vita hivi vimetugusa kuliko tunavyokiri. Miongoni mwa watu kama 1,200 waliouawa siku ile walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo. Na katika mwaka uliofuata, wizara ya afya ya Gaza ilihesabu waliouawa zaidi ya 40,000, wengi wao wanawake na watoto. Mtu anayeweza kuvisema vyote viwili katika sentensi moja bila kutumia kimoja kukifuta kingine, huyo anaweza kukaa katika kikao chochote. Jizoeze kuvisema.

Kuna kauli zinazovunja urafiki, na nyingine huja zimevaa vazi la haki. "Mikono yako ina damu" ni mojawapo. Ukishaitamka, mwenzako hana pa kwenda ila kujitetea. Nyingine ni ile ya "mbona Congo humlilii mtu?" Mkongo ana haki kamili ya kuuliza hivyo. Goma, huko Kivu, ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na hakuna karatasi ya kura ya Marekani iliyokuwa na kiduara cha Kivu. Machungu hayo ni ya kweli na yasikilizwe. Lakini akiuliza mtu ambaye hajawahi kulitaja Kivu mpaka Gaza ilipotajwa, ujue hataki Kivu isikike, anataka Gaza inyamaze. Mjibu kwa kumkaribisha: tukutane Jumamosi, tuzungumze Kivu, na lete na wengine. Atakayekuja alikuwa mkweli.

Jambo jingine la kivitendo: linda kundi la kufa na kuzikana. Kila jumuiya yetu ughaibuni ina kundi la WhatsApp la kuchangisha fedha za kusafirisha maiti nyumbani na kumlipia mgonjwa. Siasa ikiingia humo, watu hujitoa, na siku ya msiba mfuko unakuwa mtupu kwa sababu ya mabishano ambayo yangeweza kufanyika kwingine. Msimamizi afungue kundi la pili la siasa, aseme wazi kwamba la kwanza ni la dhiki tu, na amwondoe anayekiuka bila kumwonea mtu haya, awe mzee au kijana. Na wewe, kumbuka kwamba kura ni siri. Hulazimiki kumwambia mtu ulichojaza. "Nimeshapiga, nashukuru" ni jibu kamili kwa shemeji na hata kwa imamu au mchungaji.

Baada ya uchaguzi kazi haijaisha, na hapa ndipo waliogombana wanaweza kufanya jambo pamoja. Novemba 2024 Seneta Bernie Sanders alileta maazimio ya kuzuia mauzo ya silaha kwa Israel, na lililopata kura nyingi zaidi lilipata chini ya 20 kati ya maseneta 100. Julai 2025 azimio la namna hiyo lilipata 27, zaidi ya nusu ya kundi lote la Wademokrati. Bado halikupita. Lakini maseneta wale hawakuhama kwa sababu ya uchaguzi, maana hapakuwa na uchaguzi wa kitaifa katikati. Walihama kwa picha za njaa, kwa shinikizo la wenzao, na kwa simu za watu wa majimboni mwao.

Simu hiyo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Anayepokea kwa kawaida ni kijana wa ofisini, na anachohitaji kwako ni jina, msimbo wa posta na unachotaka mbunge au seneta akifanye. Usimhutubie. Taja jambo moja kwa simu moja, na urudie wiki ijayo. Ningekuwa na uwezo wa kuwashauri wale wanawake wawili wa Michigan, ningewaomba wabadilishane: wa Mombasa apige kuulizia wakimbizi walioidhinishwa na kuachwa Nyarugusu, na wa Fizi apige kuhusu silaha. Ofisi imezoea kusikia kila mtu akilia na lake. Anayepiga kwa ajili ya mwenzake huenda akaulizwa swali la ziada, na hapo ndipo unapata dakika ya pili ya kuzungumza.